Ukubwa wa Uvimbe Si Mwisho wa Tiba: Hoja Dhidi ya Kikomo cha Sentimita Tatu

Imekuwa desturi iliyokita katika vitabu vya kiada, katika miongozo ya kimataifa na katika vikao vya madaktari wanaoamua tiba ya saratani ya ini, kwamba uvimbe unaozidi kipenyo cha sentimita 3 haufai tena kuunguzwa kwa sindano, na kwamba ukishapita sentimita 5 hata kuitaja tiba hiyo mbele ya mgonjwa ni kumpa tumaini la bure. Makala haya yanaupinga msimamo huo. Hayadai kwamba ukubwa wa uvimbe hauna maana, wala kwamba kila uvimbe mkubwa unatibika. Yanadai kwamba kipimo kilichotokana na udhaifu wa vifaa vya miaka ya tisini kimegeuzwa kuwa sheria ya kudumu, na kwamba sheria hiyo, ikihamishiwa Afrika Mashariki bila kuhojiwa, inawafungia mlango wagonjwa wengi ambao ini lao lingali na nguvu na ambao uvimbe wao, kwa umbo lake na mahali ulipo, ungeweza kuangamizwa wote.

Tiba inayobishaniwa ni ile ya kuunguza uvimbe kwa mwongozo wa picha, yaani daktari wa tiba radiolojia hupenyeza sindano maalumu kupitia ngozi hadi ndani ya uvimbe huku akiifuatilia kwa ultrasaundi au CT-skani, kisha hupitisha nishati katika ncha ya sindano hiyo hadi seli za saratani zife palepale zilipo bila tumbo kufunguliwa. Njia mbili ndizo zinazotumika zaidi. Ya kwanza ni ya mawimbi ya redio, ambamo mkondo wa umeme unaogeuka mwelekeo mara mamia ya maelfu kwa sekunde huzisukasuka ioni za tishu na kuzalisha joto. Ya pili ni ya maikrowevu, ambamo mawimbi huzizungusha molekuli za maji zilizomo katika tishu hadi zichemke. Katika njia zote mbili kanuni ni moja: tishu ikifikia nyuzi 50 za selisiasi kwa dakika chache haiponi tena, na ikipita nyuzi 60 protini zake huganda karibu papo hapo.

Asili ya kikomo cha sentimita 3 ni hesabu ya maumbo. Ili saratani isirudi pembezoni mwa jeraha la kuungua, haitoshi kuunguza uvimbe peke yake. Lazima iunguzwe pia sehemu ya ini lenye afya inayouzunguka, ambayo wataalamu wengi hupendekeza iwe na unene wa hadi sentimita 1 kila upande. Kwa hiyo uvimbe wa sentimita 3 hudai tufe lililoungua lenye kipenyo cha sentimita 5, na tufe la kiasi hicho ndilo lililokuwa karibu na ukomo wa uwezo wa elektrodi moja ya mawimbi ya redio, kwa kuwa nguvu ya mkondo hupungua upesi kadiri unavyokwenda mbali na sindano, na kwa kuwa joto likipita nyuzi 100 maji ya tishu hugeuka mvuke, tishu hukauka na kuwa makaa, na makaa hayo huuzuia umeme usiendelee mbele. Uvimbe wa sentimita 6, kwa upande wake, una ujazo mara 8 ya ule wa sentimita 3, na ukiongezewa ukingo wake unahitaji tufe la kipenyo cha sentimita 8, lenye ujazo wa takriban mililita 268. Kulienea tufe hilo kwa matufe ya sentimita 5 yanayopandana bila kuacha mwanya kunahitaji zaidi ya matufe kumi, na daktari mwenye sindano moja, aliyelazimika kukadiria kwa jicho katika picha ya ultrasaundi ambayo mapovu ya mvuke yalikwisha kuifunika tangu mchomo wa kwanza, hakuwa na njia ya kuthibitisha kwamba hakuacha kisiwa cha saratani hai katikati. Kikomo kilikuwa kweli ya kifaa na ya mkono uliokishika, na kosa la wanaokitetea leo ni kukichukulia kuwa kweli ya ugonjwa wenyewe.

Vifaa havikubaki vilivyokuwa. Maikrowevu, ambayo mitambo yake hutumia masafa ya megahezi 915 au gigahezi 2.45, haizuiwi na tishu iliyokauka kama unavyozuiwa mkondo wa mawimbi ya redio, hufikia joto la juu zaidi kwa muda mfupi zaidi, na huruhusu sindano kadhaa kuwashwa kwa wakati mmoja ili joto la moja liliongezee nguvu joto la nyingine. Muhimu kuliko hata nishati yenyewe ni mpango wa kazi. Katika mji wa Innsbruck nchini Austria, Reto Bale na wenzake wamejenga utaratibu ambamo mgonjwa aliyelazwa usingizi wa nusukaputi hupigwa CT-skani, njia ya kila sindano huchorwa kwenye kompyuta katika pande zote tatu kabla sindano yoyote haijaingia, sindano nyingi huwekwa kwa kufuata ramani hiyo, na baada ya kuunguza picha mpya hulazwa juu ya picha ya awali ili kupima, milimita kwa milimita, kama jeraha limeuzidi uvimbe pande zote. Kwa utaratibu huo walichapisha mwaka 2020 matokeo ya uvimbe wa sentimita 8 na zaidi, na sehemu kubwa ya uvimbe huo iliungua yote katika kikao cha kwanza. Madhara makubwa hayakukosekana, na hakuna sababu ya kuyaficha. Lakini jambo ambalo vitabu vilisema haliwezekani lilifanyika, likapimwa, likaandikwa.

Watetezi wa kikomo hupenda kuutaja utafiti wa Tito Livraghi na wenzake, uliochapishwa mwaka 2000, ambao uliunguza kwa mawimbi ya redio uvimbe 126 wa saratani ya ini wenye kipenyo cha kati ya sentimita 3.1 na 9.5, na ukaona kwamba ni asilimia 47.6 tu ya uvimbe huo uliokufa wote. Takwimu hiyo ni sahihi, ila usomaji wake una walakini. Kwanza, asilimia nyingine 31.7 ya uvimbe huo ilikufa kwa kiwango cha kati ya asilimia 90 na 99, hali ambayo kwa teknolojia ya leo ingekuwa sababu ya kurudia kuunguza sehemu iliyosalia. Pili, matokeo hayo yalipatikana kwa elektrodi za karne iliyopita, na kifaa hakihukumiwi milele kwa kizazi chake cha kwanza. Tatu, na hili ndilo linaloachwa zaidi, watafiti walieleza kwamba mafanikio yalitegemea mambo mawili: ukubwa wa uvimbe, na kama uvimbe ulikuwa na mipaka yake au ulikuwa umejipenyeza ndani ya tishu jirani bila ukingo. Ulimwengu wa tiba ulilichukua jambo la kwanza ukalifanya sheria, ukaliacha la pili, ingawa la pili ndilo linaloeleza kwa nini aina mbili za uvimbe zenye kipenyo kilekile hutoa matokeo tofauti.

Ushahidi uliofuata uliifafanua zaidi picha hiyo. Adui mkubwa wa joto ndani ya ini ni damu, kwa kuwa mshipa wenye kipenyo cha zaidi ya milimita 3 unaopita kando ya uvimbe hulipoza eneo lake kwa mtiririko usiokoma, na seli zilizojibanza kando ya mshipa huo husalimika. Dawa yake ni kupunguza damu kwanza: mrija mwembamba huingizwa kupitia mshipa wa ateri hadi kwenye matawi yanayoulisha uvimbe, dawa ya saratani humiminwa humo, na matawi hayo huzibwa, kisha uvimbe ulionyimwa damu huunguzwa. Mwaka 2013 madaktari wa China walichapisha jaribio la wagonjwa 189 wenye uvimbe usiofikia sentimita 7, waliogawanywa kwa bahati nasibu kati ya kuunguzwa peke yake na kuunguzwa baada ya mishipa kuzibwa. Baada ya miaka 4, walionusurika walikuwa asilimia 61.8 katika kundi la tiba mbili na asilimia 45.0 katika kundi la tiba moja. Jaribio hilo halisemi lolote kuhusu uvimbe wa sentimita 10, na haifai kulilazimisha liseme; linaonyesha hata hivyo kwamba kuna eneo pana kati ya sentimita 3 na 7 ambamo tiba hii, ikifanywa kwa mpango, huongeza miaka ya maisha, na eneo hilo ndilo ambalo kikomo kinaliita marufuku.

Pingamizi zito zaidi hutoka kwa wapasuaji, nalo linastahili jibu la heshima. Wanasema kwamba uvimbe mkubwa ulio mmoja katika ini lenye afya unapaswa kukatwa, na wanasema kweli. Palipo na mpasuaji mahiri wa ini, chumba cha wagonjwa mahututi na mgonjwa anayeistahimili kazi hiyo, upasuaji unabaki chaguo la kwanza, na hakuna anayepaswa kuunguza ili kukwepa kisu. Hata majaribio yanayolinganisha tiba hizi mbili kwa uvimbe mdogo hayakukubaliana: lile la Guangzhou la mwaka 2006, lililohusu uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, halikuona tofauti ya kunusurika kati ya kukata na kuunguza, ilhali jingine la China la mwaka 2010 liliona kwamba waliokatwa waliishi zaidi. Lakini hoja ya wapasuaji inahusu wagonjwa wanaoweza kupasuliwa, na kikomo cha sentimita 3 kinatumika kuwakataa wale ambao tayari wamekwisha kuambiwa kwamba hawawezi. Kwa hao, kuunguza hakushindani na upasuaji hata kidogo. Kunashindana na kurudishwa nyumbani.

Zaidi ya hayo, hesabu ya ujazo inaigeuza hoja ya ukubwa. Ini la mtu mzima lina takriban mililita 1,500, na kuondoa upande wake wote wa kulia, ambao ndio upasuaji unaohitajika mara nyingi kwa uvimbe mkubwa ulio katikati ya upande huo, ni kuondoa zaidi ya nusu ya ini. Tufe la sentimita 8 linalohitajika kuuangamiza uvimbe wa sentimita 6 pamoja na ukingo wake ni mililita 268, yaani chini ya sehemu moja ya tano ya ini. Mgonjwa ambaye ini lake limenyauka kiasi cha kutoweza kubakiwa na nusu yake huenda akaweza kubakiwa na sehemu nne za tano, na kwa mgonjwa wa namna hiyo uvimbe kuwa mkubwa ni sababu ya kuifikiria sindano kwa makini zaidi badala ya kuifuta katika orodha.

Husemwa pia kwamba kuunguza uvimbe mkubwa ni hatari mno. Hatari zipo na zinajulikana kwa majina: kutoka damu ndani ya tumbo, jipu la ini, kuungua kwa njia za nyongo, kutoboka kwa utumbo uliogusana na ini, na figo kulemewa na mabaki ya tishu nyingi iliyokufa kwa mara moja. Hata hivyo uchunguzi mpana wa vituo vya Italia uliochapishwa mwaka 2003, wenye wagonjwa 2,320, ulihesabu vifo 6 na madhara makubwa ya asilimia 2.2, na haukuona tofauti ya maana ya madhara kati ya uvimbe usiozidi sentimita 3 na ule unaozidi. Kilichoongeza madhara kilikuwa idadi ya vikao vya kuunguza. Njia za kujikinga nazo zimeendelea: utumbo husogezwa mbali na ini kwa kumimina kati yake maji yenye dekstrozi ya asilimia 5, ambayo hayapitishi umeme wa mawimbi ya redio kama maji ya chumvi, na uvimbe mkubwa mno huweza kugawanywa katika vikao viwili vilivyopangwa ili mwili usilemewe. Hatari inayoweza kutajwa, kupimwa na kupunguzwa haitoshi kuwa sababu ya katazo, hasa pale ambapo kutotibu kuna hatari moja tu na matokeo yake hayana shaka.

Wapo wanaosema kwamba uvimbe mkubwa una tiba nyingine na hauhitaji sindano. Kuziba mishipa peke yake huupunguza uvimbe mkubwa na kuuchelewesha, ila ni nadra kuuua wote, na ndiyo sababu kuunganisha tiba mbili kulipata nguvu. Tiba ya chembechembe za itriamu-90, zinazopelekwa ndani ya uvimbe kupitia ateri na kuuangamiza kwa mionzi, imeonyesha matokeo mazuri kwa uvimbe mmoja wa hadi sentimita 8, lakini nguvu ya mionzi hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya takriban saa 64, hivyo kila dozi inapaswa kutengenezwa, kusafirishwa kwa ndege na kutumika ndani ya siku chache, jambo lililo gumu kwa hospitali iliyo mbali na viwanda vyake. Dawa mpya za kinga ya mwili hutolewa tena na tena kwa miezi mingi kwa bei ambayo familia nyingi haziwezi kuimudu hata kwa mwezi wa kwanza. Sindano ya kuunguza ina gharama, lakini ni gharama ya mara moja au mbili, na mtambo wake hukaa hospitalini kwa miaka.

Hapa ndipo mjadala unapofika Afrika Mashariki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya wagonjwa wa saratani ya ini kutoka nchi tisa za Afrika, Tanzania na Uganda zikiwemo, uliona kwamba wagonjwa wa Misri waliishi kwa muda wa kati wa miezi 10.9 tangu kugunduliwa, na wale wa nchi nyingine waliishi miezi 2.5. Wagonjwa wa kundi hili la pili walikuwa vijana zaidi, wenye umri wa kati wa miaka 46, zaidi ya nusu yao walikuwa na homa ya ini B, na ni takriban asilimia 3 tu waliopata tiba yoyote iliyoelekezwa kwenye saratani yenyewe, wakati Misri waliopata walikuwa asilimia 76. Haitakuwa haki kuihesabu tofauti yote hiyo kuwa ni ya tiba, kwa maana Misri huwafuatilia wagonjwa wa ini na kuukuta uvimbe ungali mdogo. Lakini homa ya ini B huweza kuzaa saratani hata katika ini ambalo halijanyauka, na sumukuvu ya mahindi na karanga huongeza hatari hiyo. Kwa hiyo miongoni mwa wanaofika hospitalini wakiwa na uvimbe mkubwa wamo vijana wenye ini lenye akiba ya kutosha. Kikomo kilichotungwa kwa wagonjwa wa Ulaya na Japani, ambao wengi wao uvimbe hukutwa mdogo ndani ya ini lililokwisha kunyauka, kikitumiwa kwa vijana hawa huwakataa kwa sababu ya kipenyo huku kikilipuuza ini lililobaki.

Hoja ya mwisho ya upande wa pili ni kwamba nchi zenye mapato madogo zielekeze fedha katika kinga. Chanjo ya homa ya ini B iliingizwa katika ratiba ya watoto Kenya mwaka 2001 na Tanzania mwaka 2002, na hakuna uwekezaji ulio bora kuliko huo. Ila waliozaliwa kabla ya hapo ndio walio katika umri wa kuugua sasa na kwa miongo kadhaa ijayo, na chanjo ya mtoto haimponyi mzazi wake. Ujuzi nao umekwisha kuanza kujengwa: tangu mwaka 2018 wataalamu wa tiba radiolojia kutoka nje, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Yale, wamekuwa wakija kwa zamu kufundisha katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikaanzisha shahada ya uzamili katika fani hiyo. Madaktari waliofundishwa kuingiza sindano mahali sahihi kwa mwongozo wa picha hawapaswi kukabidhiwa pamoja na ujuzi huo sheria inayowazuia kuutumia kwa wagonjwa walio wengi.

Kinachopaswa kuchukua nafasi ya kikomo ni maswali yanayojibika. Je, uvimbe una mipaka inayoonekana, au umejipenyeza bila ukingo? Je, umeingia katika mshipa mkuu wa damu wa ini, au umekwisha kusambaa nje ya ini? Je, ini lililobaki linafanya kazi, au mgonjwa ana manjano na maji tumboni yasiyodhibitika? Je, njia kuu za nyongo ziko mbali vya kutosha? Je, ukingo wa sentimita 1, au angalau wa nusu sentimita, unaweza kufikiwa pande zote kwa sindano na picha zilizopo? Mgonjwa ambaye saratani yake imejaza mshipa mkuu au ambaye ini lake limekwisha kushindwa hafai kuunguzwa, awe na uvimbe wa sentimita 3 au 9, na daktari ambaye hajazoea uvimbe mdogo hapaswi kuanzia kwenye mkubwa. Aidha ni lazima kukubali kwamba uvimbe mkubwa hurudi mara nyingi zaidi kuliko mdogo, na kwa hiyo tiba hii bila picha ya ufuatiliaji kila baada ya miezi michache ni kazi iliyoachwa nusu.

Dalili za kulegea kwa msimamo wa zamani zimekwisha kuonekana. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2018 ulikiri kwamba maikrowevu inatoa matokeo ya kutia moyo. Hospitali za Afrika Mashariki hazina haja ya kungoja kila sentimita iongezwe kutoka mbali. Zinaweza kuanza sasa kwa kuweka rejista ya kila uvimbe ulioombewa tiba, ukubwa na umbo lake, hali ya ini, sababu ya kukubaliwa au kukataliwa, na kilichotokea baadaye, ili uamuzi unaofanywa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala utokane na wagonjwa wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Na kikao chochote kitakachomkataa mgonjwa kwa sababu ya ukubwa wa uvimbe kidaiwe kuandika, kando ya kipenyo hicho, ni kipi hasa katika uvimbe huo au katika ini hilo kisichoweza kuunguzwa. Kikishindwa kukiandika, faili la mgonjwa lirudi mezani.